KUKIMBIA MIGUU MITUPU: FAIDA NA HATARI ZAKE



Muhula huu limezuka jambo ambalo limezungumzwa sana mabwenini, kwenye foleni ya uji, hata chini ya miti wakati wa kufua nguo. Jambo lenyewe ni la viatu. Katika baraza la wanafunzi lilitolewa shauri ya kwamba tangu muhula ujao mwanafunzi ye yote asiye na viatu vya michezo asiruhusiwe kushiriki mbio za nyika. Waliotoa shauri hilo walikuwa na nia njema, maana walitaka kutuepusha na miiba na vidonda. Wengine walilipinga kwa ukali, wakasema ya kuwa babu zetu walikimbia bila viatu na hawakudhurika. Shauri halijakatwa bado, limepelekwa kwa walimu. Kwa kuwa gazeti hili husomwa na walimu na wazazi pia, nimeona yafaa nitoe maoni yangu hapa kabla uamuzi haujafanywa.

Maoni yangu, kwa kifupi, ni haya. Kila upande umesema nusu ya kweli. Mguu mtupu si ushamba, na kiatu si anasa. Madhara mengi hutokana na mambo mawili: kubadili mwendo wa miguu kwa haraka, na kukimbia mahali pasipofaa. Kwa hiyo sheria ya kumfungia nje kila asiye na viatu si ya haki, lakini desturi ya kumwacha kila mtu akimbie apendavyo penye miiba nayo si ya akili. Nitaeleza sababu zangu moja moja.

Kwanza yatupasa tujue tunazungumza juu ya kitu gani. Wanafunzi wa shule hii wakimbiapo wagawanyika katika makundi matatu. Kuna wenye viatu vya soli nene, ambavyo aghalabu ni vya mitumba. Kuna wenye viatu vyepesi vya soli nyembamba, yaani raba za kitambaa, au makatambuga yale yakatwayo kwa mpira wa gurudumu la gari na kuuzwa katika masoko yetu yote, toka Shinyanga mjini hata Kahama na Geita. Na kuna wakimbiao miguu mitupu. Wataalamu wa nchi za mbali siku hizi huvisifu sana viatu vyepesi visivyo na kisigino kirefu, visivyo na sponji nyingi, ambavyo huuacha mguu ufanye kazi karibu kama ulivyoumbwa. Huko huviuza kwa fedha nyingi. Wachungaji wa ng'ombe wa Usukuma wamevivaa miaka mingi, wala hawakuhitaji tangazo la biashara.

Mguu wa mwanadamu una mifupa 26, na chini yake una upinde uliofungwa kwa mishipa na misuli, ambao hulala kidogo mtu akanyagapo na kuinuka tena kama upinde wa mshale. Chombo hiki ni cha kale mno. Hapa hapa Tanzania, huko Laetoli karibu na Ngorongoro, kundi la watafiti la Bibi Mary Leakey lilivumbua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, zilizobaki katika majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe. Nyayo hizo zina umri wa miaka kama milioni 3.6. Walioziacha hawakuvaa kitu. Viatu vya mbio vyenye soli nene ya sponji, kwa upande wao, vilianza kuenea katika miaka ya 1970 tu. Kabla ya hapo hata wakimbiaji wa Ulaya na Marekani walivaa raba nyembamba.

Wanaotetea miguu mitupu hupenda kumtaja Abebe Bikila, askari wa Ethiopia, nao wana haki ya kumtaja. Tarehe 10 Septemba 1960, katika michezo ya Olimpiki mjini Roma, Bikila alikimbia marathoni, yaani kilometa 42 na ziada, bila viatu, juu ya barabara za mji na mawe ya njia ya kale ya Appia. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa na askari walishika mienge kumulika njia. Alishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, na hapakuwa na mtu aliyewahi kukimbia marathoni kwa upesi kama huo. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Sababu ya kutovaa viatu ilikuwa ndogo tu: viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, naye alikuwa amezoea kujifunza bila viatu.

Lakini wanaomtaja Bikila wa Roma wasimsahau Bikila wa Tokyo. Mwaka 1964 alirudi katika Olimpiki, siku kama 40 tu baada ya kupasuliwa tumbo kwa ugonjwa wa kidole tumbo, akashinda tena. Safari hii alivaa viatu, na alitumia saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Basi mtu yule yule alishinda dunia bila viatu, na akaishinda tena kwa viatu, tena kwa upesi zaidi. Kwa hiyo historia ya Bikila haisemi ya kuwa viatu ni vibaya wala ya kuwa ni lazima. Yasema ya kuwa mtu hushinda kwa mapafu yake, miguu yake na mazoezi yake, na kwamba ni afadhali mguu mtupu uliozoea kuliko kiatu kisichokaa vizuri.

Sasa tuangalie wenye elimu wasemavyo. Mwaka 2010 Profesa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika gazeti la kisayansi liitwalo Nature. Waliwapima wakimbiaji wa Marekani na wa Kenya, wenye viatu na wasio na viatu. Waliona ya kuwa waliozoea kukimbia bila viatu aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, ndipo kisigino kikafuata. Waliozoea viatu vyenye sponji, wengi wao hutua kwa kisigino. Atuaye kwa kisigino bila viatu hupata kishindo kikali mara mguu ugusapo ardhi, kishindo kipandacho mpaka gotini. Atuaye kwa mbele hupata kishindo kidogo sana, kwa kuwa kifundo cha mguu na misuli ya shavu la mguu hufanya kazi ya springi. Ye yote asadikiye maneno haya kwa shida na ajaribu mwenyewe: asimame uwanjani bila viatu, arukeruke mahali pamoja. Ataona ya kuwa hakuna arukaye na kutua kwa visigino.

Hata hivyo sayansi haikuishia hapo. Mwaka 2013 wachunguzi wengine waliwatazama Wadaasanach wa kaskazini ya Kenya, watu wasiovaa viatu toka utotoni, wakaona ya kuwa walipokimbia kwa mwendo wa kawaida wengi wao walitua kwa kisigino. Kwa hiyo si kweli ya kwamba kila avuaye viatu huanza mara moja kukimbia vizuri. Mwendo wa kukimbia hufundishwa na upesi wa mtu, na ardhi akimbiliayo, na mazoea yake.

Zipo faida nyingine zilizothibitishwa. Mwaka 2017 ulitolewa uchunguzi uliolinganisha watoto wa Afrika ya Kusini waliokua wakitembea miguu mitupu na watoto wa Ujerumani waliokua wakivaa viatu. Wale wa miguu mitupu walionekana kuwa na upinde wa wayo ulio juu zaidi. Mwaka 2019 watafiti waliowapima watu huko Kenya na Marekani walitangaza ya kuwa sugu nene ya wayo humkinga mtu bila kumwondolea hisi ya kuijua ardhi anayoikanyaga. Kiatu chenye soli nene humkinga pia, lakini hisi hiyo hupungua. Nadhani wenzangu waliokua wakichunga ng'ombe hawakuhitaji kuambiwa na Harvard jambo hili, maana wanajua ya kuwa mguu ulioota sugu huujua mwiba kabla haujazama.

Kisha kuna habari ya uzito. Imepimwa na kuonekana ya kuwa kila gramu 100 ziongezwazo katika kila mguu humfanya mkimbiaji atumie nguvu zaidi kwa kadiri ya asilimia 1. Jambo hili lina maana kubwa kwetu Shinyanga wakati wa masika. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunata katika soli mpaka kiatu kimoja huwa kama tofali. Mwenye viatu vinene hujikuta amebeba shamba la pamba miguuni, na asiye na viatu humpita akicheka. Lakini hapa pia tuseme kweli yote: mwaka 2012 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Colorado waliona ya kuwa viatu vikiwa vyepesi vya kutosha, asiye navyo hana nafuu ya nguvu juu ya mwenye navyo. Uzito ndio unaodhuru.

Mfano unaonipendeza kuliko yote ni wa Watarahumara, watu wa milima ya kaskazini ya Mexico. Hawa husifika kwa kukimbia mbio ndefu sana, na huvaa ndara zilizokatwa kwa mpira wa magurudumu ya gari na kufungwa kwa ukanda wa ngozi. Kwa maneno mengine, wao huvaa makatambuga. Mwaka 1993 Mtarahumara mmoja aitwaye Victoriano Churro, mwenye umri wa miaka 55, alishinda mbio za maili 100 za Leadville huko Marekani akiwa na ndara za namna hiyo miguuni. Mwaka 2018 wataalamu waliwapima Watarahumara wavaao ndara hizo, wakaona ya kuwa upinde wa nyayo zao ni imara na baadhi ya misuli ya nyayo zao ni minene kuliko ya watu wa mjini wavaao viatu vya kawaida. Basi yule mwenzetu anayechekwa kwa sababu amekuja uwanjani na makatambuga anachekwa na watu wasiojua wanacheka nini.

Baada ya kusema hayo ya faida, ni lazima niseme hatari, tena bila kuficha.

Hatari ya kwanza hutoka ndani ya mguu wenyewe, nayo ni haraka. Mtu aliyevaa viatu vya soli nene miaka mingi ana misuli ya shavu la mguu isiyozoea kazi, na ukano wake mkubwa wa nyuma ya kisigino umefupika. Akivua viatu leo na kukimbia kilometa 10 kesho, mzigo uliokuwa gotini huhamia katika kifundo, katika ukano huo na katika mifupa myembamba ya mbele ya wayo. Mifupa huchelewa kuzoea kuliko mapafu. Mwaka 2013 Bibi Sarah Ridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Marekani walieleza habari za wakimbiaji 36. Wakimbiaji 19 kati yao walianza kutumia viatu vyembamba kidogo kidogo kwa muda wa majuma 10, na wengine waliendelea na viatu vyao vya kawaida. Mwisho wa majuma hayo, katika wale 19, watu 10 walionekana kwa picha kuwa na uvimbe ndani ya mfupa wa mguu, jambo ambalo ni dalili ya mfupa kuelemewa na likiachwa huweza kuleta ufa. Katika kundi la pili alionekana mmoja tu. Nao walikuwa wamebadili polepole kwa majuma 10! Itakuwaje kwa mwanafunzi abadiliye kwa siku moja kwa kuwa amesikia habari za Bikila?

Kampuni iitwayo Vibram, yenye kutengeneza viatu vyembamba vyenye vidole kama glavu, ilishitakiwa huko Marekani kwa madai ya kwamba imevisifu viatu vyake kupita kiasi kilichothibitishwa. Kampuni haikukiri kosa, lakini mwaka 2014 ilikubali kuimaliza kesi kwa kutenga dola milioni 3.75 ili wanunuzi warudishiwe fedha. Tujifunze hapo ya kuwa wafanya biashara wa viatu vyembamba huweza kutia chumvi kama wafanya biashara wa viatu vinene.

Hatari ya pili hutoka katika ardhi. Nchi yetu ni nchi ya migunga. Mwiba wa mgunga hupenya raba nyembamba, sembuse ngozi. Kiangazi udongo wa mbuga hupasuka ukafanya nyufa zenye kingo ngumu ambazo humteguza mtu kifundo. Na zaidi ya kidonda kionekanacho kuna wadudu wasioonekana. Viini vya pepopunda hukaa udongoni na katika samadi ya mifugo, nasi twaishi katika nchi ya ng'ombe. Viini hivyo hupenda jeraha jembamba na la kina, yaani hasa jeraha la mwiba au msumari. Minyoo ya safura hutaga mayai ambayo hutoka na choo cha mtu. Viluwiluwi vyake huishi katika udongo wenye unyevu na kivuli, na hupenya ngozi ya mguu mtupu, kisha minyoo hunyonya damu tumboni mpaka mtu huishiwa nguvu. Mkimbiaji mwenye safura hawezi kushinda hata akivaa viatu vya dhahabu. Tena kuna funza, mdudu ambaye si wa kwetu tangu asili, maana alifika Angola kutoka Amerika mwaka 1872, akaenea mpaka akafika Afrika ya Mashariki. Yeye hupenda vumbi kavu na huingia vidoleni.

Hatari ya tatu ni ya peke yake kwa wenzetu watokao upande wa dhahabu. Baadhi ya wanafunzi wa shule hii kwao ni Nyarugusu, Rwamgasa, Katoro na Kakola, na wakati wa likizo hufanya mazoezi huko. Huko wachimbaji wadogo huacha mashimo ya maduara ambayo baada ya mvua hufunikwa na majani. Penye makarasha pametapakaa vipande vya mawe meupe vikatavyo kama chupa. Wachimbaji hutumia zebaki kukamata dhahabu, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, hubaki na sumu hiyo. Pengine mchanga huo huo hutiwa sayanaidi baadaye. Mchanga wa marudio ni laini na tambarare, na kwa macho wapendeza kukimbilia. Nawasihi wenzangu wasidanganywe na ulaini wake. Hapo si mahali pa mguu mtupu, wala si mahali pa katambuga, wala si mahali pa kiatu kinene, kwa kuwa vumbi na mvuke wa sumu havizuiwi na soli. Si mahali pa kukimbia kabisa.

Wenye kutaka sheria ya viatu watasema, "Kumbe umeshuhudia wewe mwenyewe hatari hizo zote. Kwa nini basi usikubali viatu viwe lazima?" Nitawajibu kwa maneno matatu.

Neno la kwanza ni kwamba sheria yenyewe ya riadha ya dunia haisemi hivyo. Shirika la Riadha la Dunia huruhusu mshindani akimbie bila viatu, au na kiatu katika mguu mmoja, au na viatu miguu yote miwili. Lililokatazwa ni kuzidisha soli. Tangu mwaka 2020 shirika hilo limeweka mpaka wa milimita 40 kwa soli ya kiatu cha mbio za barabarani, kwa sababu soli za kisasa zilikuwa zinaleta ushindani wa mafundi badala ya ushindani wa wakimbiaji. Mwaka 2025 huko Tokyo mwenzetu Alphonce Simbu aliiletea Tanzania ubingwa wa dunia wa marathoni kwa kumshinda Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sehemu ndogo mno ya sekunde, hata ikabidi picha iangaliwe. Yeye alivaa viatu, nasi twamsifu. Lakini kama uwanja wa dunia haumfukuzi asiye na viatu, kwa nini uwanja wa shule ya serikali katika Shinyanga umfukuze?

Neno la pili ni la haki. Katika shule hii ya bweni tumechanganyika, watoto wa wafanyakazi wa serikali, watoto wa wachimbaji, watoto wa wakulima wa pamba na wa mpunga. Mzazi aliyekwisha kumnunulia mwanawe godoro, sare mbili, madaftari na viatu vyeusi vya darasani huenda hana tena fedha ya viatu vya mbio. Sheria ikipita, watakaoachwa nje ni hao hao, na miongoni mwao wamo wenye mbio kuliko wote, maana walikua wakikimbia nyuma ya ng'ombe na kwenda shule za mbali. Timu yetu ya UMISSETA itachaguliwa kwa mfuko wa baba badala ya kuchaguliwa kwa saa ya mwalimu.

Neno la tatu ni kwamba sheria ya "viatu vyo vyote" haitatukinga. Mwanafunzi aliyelazimishwa atanunua mitumba iliyokwisha kulika upande mmoja kwa mwendo wa mtu mwingine, na yenye namba isiyo yake, kisha atajaza karatasi mbele. Kiatu cha namna hiyo humpotosha mguu kila hatua. Hapo tutakuwa tumemwondolea mwenzetu mwiba na kumpa malengelenge na goti bovu.

Basi nini kifanyike? Sitaki nilaumu tu bila kutoa shauri. Napendekeza mambo sita, nayo yote yawezekana bila fedha nyingi.

La kwanza, njia ya mbio za nyika ichaguliwe kwa akili. Ipite katika udongo wa kichanga, ule Wasukuma wauitao luseni, na katika uwanja wenye majani mafupi, iepukane na vichaka vya migunga, na karibu na vyoo, na penye vioo vya chupa. Siku moja kabla ya mashindano wanafunzi wa zamu waipite njia nzima kwa mafagio na mapanga. Kazi hiyo ni ya saa mbili, nasi tuko mia kadha.

La pili, mwanafunzi na aruhusiwe kukimbia na viatu, na makatambuga au bila viatu, bali mwalimu wa michezo au kiongozi wa timu aikague miguu ya kila mmoja. Mwenye kidonda, mwenye funza au mwenye mguu laini usiozoea asikimbie bila viatu siku hiyo.

La tatu, atakaye kuacha viatu vinene na aanze muhula mmoja mbele. Juma la kwanza atembee tu uwanjani. Baadaye akimbie dakika tano, mara mbili kwa juma, kisha aongeze kidogo kidogo. Maumivu ya misuli ya shavu la mguu yapitayo kwa siku mbili ni ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, yaumayo ukipagusa kwa kidole, si ya kuvumiliwa. Aache mara moja na aende zahanati. Ushujaa wa kuficha maumivu ya mfupa umewaharibu wengi.

La nne, shule iwe na jozi chache za raba nyepesi za kuazimana, zikae stoo pamoja na mipira, zifuliwe na kuanikwa juani kila baada ya kutumika. Fedha yaweza kutoka katika bustani ya shule.

La tano, wazazi wahakikishe ya kuwa watoto wao wamechanjwa pepopunda, na kila achomwaye na mwiba uzamao aoshwe kwa maji na sabuni na kupelekwa kwa muuguzi siku hiyo hiyo. Dawa za minyoo zigawiwapo shuleni tuzimeze, tusizitupe dirishani.

La sita, kila mkimbiaji, hata asiyependa viatu, awe navyo vya kutembelea chooni, bafuni na jikoni wakati wa masika. Mguu mtupu ni wa uwanjani. Haufai chooni.

Kwa walimu wetu nasema kwa heshima: msifunge mlango. Fungueni njia iliyo salama, mtawaona wakimbiaji ambao hamkujua ya kuwa mnao. Kwa wazazi nasema: kama mna fedha ya kiatu kimoja tu, nunueni chepesi, chenye upana wa kutosha vidole, kisichobana, msitazame jina lililoandikwa ubavuni. Na kama hamna, msione haya, wala mwana asione haya. Kwa wanafunzi wenzangu nasema: tuache kuchekana kwa ajili ya miguu. Mwenye viatu vya bei asimwite mwenziwe mshamba, na asiye na viatu asimwite mwenziwe mlegevu. Wahenga walinena ya kwamba mwiba hutokea ulikoingilia. Sisi twaweza kufanya zaidi, tukauondoa njiani kabla haujaingia kwa mtu.

Shauri liko mikononi mwa walimu, nao wataamua kabla ya kufunga shule. Mimi ni wa Kidato cha Nne, na mbio za muhula ujao sitakuwapo, kwa hiyo siombi kwa faida yangu. Naomba kwa ajili ya wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, ambao wengine wao wamefika hapa na jozi moja tu ya viatu, na ambao kila jioni hukimbia kuzunguka uwanja upesi kuliko sisi.

Mwanafunzi,
Kidato cha Nne